Noti zimejaa tele, ushahidi wa kazi ndio adimu

Chuo kikinunua seva, kikaweka Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kisha kikaagiza kila mhadhiri apakie noti zake kabla ya muhula kuanza, kilichofanyika ni kuhamisha kabati. Mwanafunzi aliyekuwa akipanga foleni ya fotokopi sasa anapakua. Ni nafuu kwake, lakini ufundishaji wenyewe haujaguswa.

Kwa karne nyingi chuo kikuu kilisimama juu ya uhaba wa nyenzo. Vitabu vilikuwa vichache, majarida yalikaa katika maktaba moja, na mhadhiri alisoma mbele ya darasa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na nakala. Uhaba huo kwa sehemu kubwa umekwisha. Hifadhi ya mtandaoni ya arXiv ilianza kusambaza rasimu za makala za fizikia mwaka 1991 bila kungoja jarida, na mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kikatangaza kwamba nyenzo za kozi zake zitawekwa wazi mtandaoni. Uhaba wa leo ni wa aina nyingine. Insha inaweza kuwa imeandikwa na programu. Jedwali la matokeo linaweza kutoka kwenye faili ambayo hakuna anayejua imepita mikononi mwa nani. Rejeleo linaweza kuonekana safi kabisa na makala inayotajwa isiwepo duniani. Kinachotafutwa sasa ni ushahidi kwamba kazi imefanyika, na nani, kwa hatua zipi. Anayeitazama TEHAMA chuoni kwa jicho hilo atagawa fedha na muda tofauti na anayehesabu kompyuta na projekta.

Mihadhara ya kurekodi

Nianze na video, kwa sababu ndiko fedha nyingi hupotelea. Kamera nzuri hununuliwa kwanza na maikrofoni hufikiriwa mwisho. Ingefaa iwe kinyume. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, ila sauti yenye mwangwi humfanya afunge. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, huishinda kwa mbali ile ya kompyuta, ambayo hunasa feni, vitufe na mwangwi wa kuta. Chumba chenye mapazia, zulia au rafu zilizojaa vitabu kinafaa kuliko ukumbi mtupu. Rekodi nusu dakika ya majaribio, isikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, ndipo uanze. Atakayeruka hatua hii atarudia saa nzima.

Hesabu ya ukubwa wa faili nayo ifanywe kabla ya kurekodi. Kanuni ni rahisi: kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa idadi ya sekunde, gawa kwa 8, upate kilobaiti. Sauti ya mtu mmoja akizungumza inaeleweka vizuri kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja ni megabaiti 28.8. Video ya slaidi na sauti kwa kilobiti 500 kwa sekunde ni megabaiti 225 kwa saa. Ukiacha programu ya kurekodi ijichagulie yenyewe megabiti 2 kwa sekunde, saa hiyo hiyo inakuwa megabaiti 900, na hakuna neno hata moja lililoongezeka kwenye somo. Darasa la watu 300 wakipakua toleo la megabaiti 225, mtandao umebeba gigabaiti 67.5 kwa mhadhara mmoja. Slaidi hazisogei, hivyo fremu 10 kwa sekunde zinatosha, na ubora wa picha wa 720p unasomeka hata kwenye simu iwapo maandishi ya slaidi hayakubanwa. Weka na toleo la sauti peke yake. Mwanafunzi mwenye kifurushi kidogo cha data atalichagua hilo.

Kuna kosa la kiufundi linalojirudia karibu kila mahali. Mhadhiri anapakia video, mstari wa maendeleo unafika mwisho, kisha mfumo unatoa ujumbe usioeleweka. Sababu mara nyingi iko kwenye mipangilio ya PHP, lugha ya programu inayoendesha Moodle: kwa chaguo-msingi faili moja hairuhusiwi kuzidi megabaiti 2, na ombi zima megabaiti 8. Seva ikiwa inatumia nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti, kuna kikomo kingine mbele yake cha megabaiti 1. Vikomo vyote vitatu vipandishwe kwa pamoja. Kupandisha kimoja tu hubadilisha ujumbe wa kosa bila kuliondoa. Hata baada ya hapo, video ndefu zisikae ndani ya kozi yenyewe. Ziwekwe kwenye seva ya video na kozi ibebe kiungo tu, la sivyo nakala ya akiba ya kozi moja itavimba hadi ishindwe kurejeshwa.

Kuhusu urefu, watafiti waliochambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, walionyesha mwaka 2014 kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, video iwe na urefu gani. Hao walikuwa watu waliojiandikisha kwa hiari bila adhabu ya kufeli, kwa hiyo namba hiyo isigeuzwe sheria. Inaonyesha tu kwamba saa moja ya video ikatwe vipande, kila kipande na wazo moja, na katikati pawe na swali.

Faida ya kurekodi huonekana pale saa ya darasani inapoachwa huru kwa kazi nyingine. Mojawapo ya mbinu zilizojaribiwa sana ni ile ambayo Eric Mazur wa Harvard alianza kuitumia mwaka 1991 katika fizikia. Mhadhiri anatoa swali la dhana, lisilohitaji hesabu ndefu. Kila mwanafunzi anafikiri peke yake dakika moja au mbili na kupiga kura, kwa simu, kwa kifaa cha kubonyeza, au kwa karatasi yenye herufi. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, somo linaelezwa upya, kwa kuwa mjadala wa watu wasiojua utazaa kelele. Wakizidi asilimia 70, maelezo mafupi yanatosha. Katikati ya hapo ndipo penye mavuno: wanajadiliana wawili wawili au watatu watatu, kila mmoja akijaribu kumshawishi mwenzake, kisha wanapiga kura tena. Wengi hukosea sehemu moja: wanaonyesha chati ya kura ya kwanza kabla ya mjadala. Chati ikishaonekana, wanafunzi huhamia kwenye nguzo ndefu zaidi na hakuna tena cha kujadili. Ifiche hadi kura ya pili.

Teknolojia iliyofanya kazi hapo ni ndogo mno, kura za herufi nne tu. Ila zimempa mhadhiri kitu ambacho kunyoosha mikono hakukumpa kamwe, yaani jibu la kila mtu, pamoja na yule anayekaa nyuma bila kusema.

Benki ya maswali

Chemsha bongo za mtandaoni hudharauliwa kwa sababu zilizo nyingi zimetungwa vibaya. Zikitungwa vizuri ni chombo kizito, maana kujikumbusha kwa kujibu huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma tena, jambo ambalo majaribio ya saikolojia yamelithibitisha mara nyingi.

Swali la kwanza la mhadhiri huwa ni kuhusu kuibiana majibu. Tufanye hesabu. Kila mwanafunzi akipewa maswali 10 yaliyochotwa bila mpangilio kutoka benki ya maswali 20, wanafunzi wawili watashirikiana maswali 5 kwa wastani. Benki ikiwa na 40, watashirikiana 2.5. Ikiwa na 100, ni swali 1. Kwa hiyo kuchanganya mpangilio wa maswali yale yale 10 hakulindi chochote, lakini benki inayokua kwa maswali 15 kila muhula, baada ya miaka mitatu ya mihula miwili miwili, imefika 90. Hapo kuna mtego: benki isigawanywe kwa mada pekee. Igawanywe na kwa ugumu, mwanafunzi achotewe idadi ileile kutoka kila kapu, vinginevyo mmoja atapata maswali 10 mepesi na mwenzake 10 magumu, na malalamiko yao yatakuwa ya haki.

Baada ya mtihani, Moodle hutoa takwimu za kila swali ambazo wahadhiri wachache huzifungua. Mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni sehemu ya waliopata: swali walilolipata asilimia 97 halipimi kitu, ingawa laweza kuachwa mwanzoni kutuliza roho. Ya pili ni kiasi ambacho swali linatenganisha waliofanya vizuri na waliofanya vibaya katika mtihani mzima. Ikiwa chini ya asilimia 20, swali ni dhaifu. Ikiwa hasi, maana yake wenye uwezo wanalikosa na wasio na uwezo wanalipata, na kwa kawaida chanzo ni kwamba ufunguo wa majibu umewekwa vibaya au kuna majibu mawili sahihi. Kulirekebisha na kusahihisha upya kwa darasa zima ni kazi ya dakika chache, ambayo kwa karatasi ingechukua wiki. Tahadhari moja: darasa likiwa na watu 20, takwimu hizi huyumba sana; zisomwe kwa mizani hadi majibu ya mihula kadhaa yakusanyike.

Chaguo potofu nazo ziangaliwe. Chaguo lisilochaguliwa na mtu yeyote halina kazi. Liondoe au libadilishe. Chanzo bora cha chaguo potofu ni makosa halisi ya wanafunzi: toa swali hilo kama la kujibu kwa maandishi mwaka huu, kusanya majibu mabaya yanayojirudia, yageuze chaguo mwaka ujao.

Siku ya mtihani mfumo huanguka kwa sababu zinazotabirika. Watu 600 wakibonyeza "anza" sekunde ileile, hifadhidata huzidiwa ingawa dakika tano baadaye ingekuwa imelala. Gawa darasa makundi matatu yanayoanza kwa tofauti ya dakika 10. Usiweke maswali 50 kwenye ukurasa mmoja, maana mtandao ukikatika mwanafunzi hupoteza kila alichoandika tangu mfumo ulipohifadhi mara ya mwisho. Maswali 5 kwa ukurasa ni kiasi kinachofaa. Mwisho kuna cron, ile kazi ya ratiba inayotakiwa kuendeshwa kila dakika. Ikisimama, barua pepe haziendi, na majaribio ya wanafunzi walioishiwa muda hubaki wazi bila kuwasilishwa. Mhadhiri huona "hajamaliza" na kumpa sifuri mtu aliyejibu kila kitu. Kabla ya mtihani wowote, msimamizi wa mfumo aangalie cron iliendeshwa lini mara ya mwisho, na saa ya seva iko kwenye ukanda upi.

Insha, mashine na wasaka mashine

ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022, vyuo vingi vilikimbilia kutafuta kigunduzi. Ni njia mbovu, na ushahidi wake ulikuja mapema. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, walitoa kigunduzi Januari 2023: kwa takwimu zao, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kilishutumu asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Walikifunga Julai mwaka huohuo. Mwaka huohuo pia watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo, kwenye vigunduzi saba, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilizoandikwa na watu zilitajwa kuwa za mashine. Sababu inaeleweka: vigunduzi hutazama jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika Kiingereza kama lugha ya pili hutumia msamiati mdogo na miundo ya kawaida. Mwandishi wa Kiswahili anayesoma shahada kwa Kiingereza yumo humo.

Hata kigunduzi kizuri kuliko hicho hukwama kwenye hesabu. Tuseme insha ni 500, na 50 kati yake zimeandikwa na mashine. Kigunduzi kinakamata asilimia 80 ya hizo 50, yaani 40, na kinakosea asilimia 4 tu ya zile 450 safi, yaani 18. Waliotajwa ni 58, na 18 kati yao hawana hatia. Karibu mmoja kati ya watatu. Ukipeleka orodha hiyo kwenye kamati ya nidhamu bila kitu kingine, umepeleka bahati nasibu.

Ripoti za ufanano, kama za Turnitin, nazo husomwa visivyo. Asilimia 30 yaweza kuwa orodha ya marejeleo, nukuu zilizofungwa vizuri na sentensi za mbinu zinazofanana kila mahali. Asilimia 5 yaweza kuwa aya moja kamili iliyoibwa, tena ile yenye hoja kuu. Namba ya juu haisemi lolote hadi ripoti yenyewe ifunguliwe. Ondoa marejeleo na nukuu kwenye hesabu, puuza mifanano ya maneno machache sana, kisha tazama kipande kirefu kuliko vyote. Kosa linalowaumiza wanafunzi wa tasnifu ni hili: msimamizi anapitisha rasimu kwenye mfumo huku hifadhi ikiwa imewashwa. Tasnifu ya mwisho ikipitishwa na ofisi nyingine inafanana karibu yote na ile rasimu. Rasimu zipitishwe bila kuhifadhiwa.

Badala ya kusaka, dai nyayo za kazi. Kazi ya maneno 2,000 iwasilishwe kwa vituo vitatu: swali na vyanzo vitano vyenye maelezo ya mistari miwili kila kimoja, rasimu ya nusu, toleo la mwisho na ukurasa mmoja unaoeleza kilichobadilika na kwa nini. Iandikwe kwenye hati inayotunza historia ya matoleo. Kisha pawe na mahojiano mafupi. Dakika 6 kwa mwanafunzi mmoja zinatosha kuuliza "kwa nini ulichagua chanzo hiki" na "aya ya tatu ingekuwaje kama takwimu hii ni ya uongo". Darasa la watu 60 ni saa 6 kamili, bila kuhesabu kuingia na kutoka. Ni gharama halisi na isifichwe. Darasa la watu 300 haliwezi. Huko chagua watu 40 kwa bahati nasibu, tangaza mapema kwamba yeyote aweza kuitwa, na mtihani wa chumbani upewe uzito zaidi.

Sera ya matumizi ya akili mnemba iandikwe kwa kila kazi. Katika kozi ya programu za kompyuta, kuruhusu mashine iandike msimbo na kumtaka mwanafunzi aandike majaribio ya kuuvunja ni zoezi zuri. Katika kozi ya uandishi, kuruhusu hivyohivyo kunafuta kozi. Agizo moja la chuo kizima, liwe la kukataza au la kuruhusu, litakosea upande mmoja.

Marejeleo ya uongo ndiyo rahisi kuyakamata. Chukua DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, iweke baada ya doi.org, uone inafungua nini. Isipofungua kitu, jibu umepata. Ikifungua, soma jina la makala, maana mashine mara nyingi hubandika DOI ya kweli ya makala nyingine. Kwa marejeleo 40, kukagua 8 yaliyochaguliwa ovyo huchukua kama robo saa, na moja tu likiwa halipo, yote 40 yakaguliwe.

Data, na lahajedwali inayojua mno

Upande wa utafiti, chombo kinachotumika kuliko vyote chuoni ni lahajedwali, na ndicho chenye madhara ya kimyakimya zaidi. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa sana na wanasiasa. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliomba faili yao na kukuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje. Kulikuwa pia na data nyingine zilizoachwa na namna ya kupima uzito wa kila nchi iliyozua ubishi. Kwa marekebisho yote ya Herndon na wenzake, ukuaji wa nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato ulitoka hasi 0.1 hadi asilimia 2.2. Kosa lilikaa miaka mitatu kwa sababu makala ilisomwa na wengi, lakini faili haikusomwa na mtu. Aliyeiomba ni mwanafunzi aliyekuwa akifanya zoezi la darasani la kurudia matokeo ya wengine, na zoezi hilo ningeliweka kwenye mtaala wa kila shahada ya uzamili.

Wanabayolojia wana kisa chao. Jeni lililoitwa SEPT2 likiandikwa kwenye Excel hugeuka tarehe 2 Septemba. Ukaguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta takriban makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni katika faili za Excel zina kosa la aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilikata tamaa na kubadili majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2. Sayansi ilisalimu amri mbele ya mpangilio wa tarehe, jambo la kuchekesha kama halingekuwa la kusikitisha.

Kinga ni ya kawaida mno, ndiyo maana hupuuzwa. Faili ya data ghafi ikishatoka shambani au maabara ifungwe iwe ya kusoma tu, na usafishaji ufanyike kwenye nakala, kwa msimbo wa R au Python unaoweza kuendeshwa upya toka mwanzo. Safu moja ibebe kigezo kimoja. "34, mke, mkulima" ndani ya seli moja ni safu tatu zilizogongana. Tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2024-03-05, kwa kuwa 05/03/2024 ni Machi kwa mmoja na Mei kwa mwingine. Rangi ya seli isibebe maana yoyote, maana hupotea faili ikigeuzwa CSV, yaani maandishi matupu. Faili iambatane na kamusi ya data inayoeleza kila safu, kipimo chake na maana ya kila namba.

Alama ya jibu lililokosekana inastahili aya yake. Wengi huandika 999 mahali pa umri usiojulikana. Chukua watu 200, 196 kati yao wana wastani wa miaka 30, na wanne wana 999. Wastani wa wote unakuwa miaka 49.4, namba inayoonekana ya kawaida kabisa kwenye jedwali, wala hakuna msomaji atakayeshtuka. Acha seli tupu, au tangaza 999 kwenye msimbo kabla ya hesabu ya kwanza. Na kabla ya wastani wowote, tazama kima cha chini na cha juu cha kila safu.

Dodoso za simu, kama za ODK na KoboToolbox, zimeondoa makosa mengi ya kuingiza data mara mbili. Umri unawekewa mipaka ya 18 hadi 110, na swali la ujauzito halimtokei mwanamume. Pia zinaandika muda wa kuanza na wa kumaliza kila hojaji, na hapo ndipo ushahidi ulipo: dodoso la maswali 80 lililokamilika kwa dakika 4 limejazwa chini ya mti bila kumhoji mtu. Kinachoharibu kazi hizi ni kubadili jina la swali katikati ya ukusanyaji. Majibu ya zamani yanabaki kwenye safu moja na mapya yanaingia kwenye nyingine, na mchambuzi asiye makini anadhani nusu ya watu walikataa kujibu. Maelezo ya swali yanaweza kurekebishwa, lakini jina la ndani la safu lisiguswe.

Hifadhi ya chuo

Vyuo vingi vina hifadhi ya tasnifu na makala, mara nyingi DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na Hewlett-Packard. Kuisimika ni kazi ya siku chache. Inayoiua ni metadata, yaani maelezo ya kila kazi. Mwandishi mmoja huingizwa kwa tahajia tatu, mwaka wa tasnifu unakuwa mwaka wa kupakia, na muhtasari unaachwa wazi. Vipengele vya msingi vya Dublin Core, kiwango cha kuandika maelezo hayo, ni 15 tu. Chuo kichague saba vya lazima, na mfumo ukatae kupokea kazi isiyokuwa navyo. Utata wa majina hutatuliwa na ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ambayo mtafiti huipata bure kwa dakika chache na inabaki yake akihama chuo au akibadili jina.

Tasnifu iliyoskaniwa bila kutambuliwa herufi ni picha. Injini za kutafuta hazioni ndani yake. Jaribio ni jepesi: fungua PDF, jaribu kunakili sentensi moja. Ikishindikana, faili hiyo ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi kabla ya kupakiwa.

Viungo navyo hufa. Utafiti wa Jonathan Zittrain na wenzake wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya asilimia 70 ya viungo katika majarida ya sheria ya Harvard waliyoyachunguza haviongozi tena kwenye kilichonukuliwa, na nusu ya vile vya hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani. Chuo kikibadili jina la tovuti yake, kila kiungo cha zamani kinakatika siku moja. Ndiyo sababu ya DOI na Handle, mifumo ya anwani za kudumu: anwani ya nje haibadiliki, na mwenye hifadhi anasahihisha mahali inapoelekeza. Lakini lazima asahihishe. Jarida linaloendeshwa kwa OJS, programu ya kuchapishia majarida, likahamishwa seva bila kutuma anwani mpya kwa Crossref, shirika linalosajili DOI, linaacha DOI zake zote zikielekeza kwenye ukurasa uliokufa, na kazi hiyo ya kusahihisha haimo kwenye maelezo ya kazi ya mtu yeyote.

Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikikaa jengo jingine. Kwa DSpace kuna sehemu mbili zinazopaswa kunakiliwa kwa wakati mmoja: hifadhidata ya PostgreSQL yenye metadata, na folda ya faili zenyewe. Aliyenakili folda peke yake ana maelfu ya faili zenye majina ya tarakimu ndefu, bila kujua ipi ni tasnifu ya nani. Kila muhula rejesha nakala kwenye kompyuta nyingine, fungua tasnifu 10 ovyo, na linganisha jumla-hakiki za SHA-256 (alama zinazobadilika faili ikibadilika hata kidogo) na zile za seva kuu. Zikitofautiana, tafuta diski iliyoanza kuoza kabla usiku haujafika, maana usiku ndipo nakala mpya huandikwa juu ya ile nzima.